Utii wa Watu Walioachwa

Iko methali moja ambayo husemwa mara nyingi mno, na labda kwa sababu hiyo haichunguzwi tena: wapiganapo tembo, nyasi huumia. Msomaji, umeisikia tangu utotoni, na huenda umekwisha kuiandika katika insha ukapewa alama nzuri. Leo nakuomba uitazame kwa jicho la mashaka. Nyasi hazina akili. Tembo akizikanyaga, hakuna azijiaye kesho yake kuziuliza zilikuwa upande wa nani. Lakini watu wa mji unaopiganiwa na majeshi mawili ya kigeni huumia kwanza kama nyasi, kisha huitwa barazani wakahojiwa kama watu. Kwa nini hamkutupigania? Kwa nini mlimpa adui maji? Kwa nini mlichukua kisichokuwa chenu? Hapo ndipo penye swali letu. Mtu ambaye serikali imemwacha peke yake mbele ya adui, je, angali na deni la utii kwa serikali ile? Na kama deni hilo limeanguka, je, hana deni lolote kwa mtu yeyote?

Vitabu vya historia hulitolea swali hili mfano wa miji iliyo kati ya Ufaransa na Ujerumani, ambayo majeshi ya nchi hizo yaliipigania mara kwa mara. Tutafika huko. Lakini sisi wa Chepseon hatuna haja ya kuvuka bahari kwanza. Shika njia ya Kericho, yapite mashamba ya chai, upite Sotik, na kabla jua halijachwa utakuwa umeingia Kisii. Katika mji huo majeshi mawili ya Ulaya yalipigana mwaka 1914, na yaliyofuata yanafaa kufikiriwa sana na kijana anayejiandaa kuwa raia.

Mpaka wa siku zile haukuchorwa na mtu yeyote wa huku. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana kuigawa nchi kwa mstari uliotoka mlango wa mto Umba, pwani, ukaelekea Ziwa Victoria, ila penye Kilimanjaro ulipindishwa ili mlima ubaki upande wa Wajerumani. Mwaka 1890 mstari ule uliendelezwa juu ya maji ya ziwa. (Wako wasimuliao ya kwamba Malkia Victoria alimzawadia mlima ule mjukuu wake Wilhelm, Kaisari wa Ujerumani. Hadithi ni tamu, lakini Wilhelm alipata ukaisari mwaka 1888, na mlima ulikuwa umekwisha kuwa upande wa Wajerumani miaka miwili kabla.) Mstari uliwapasua Wamasai, Wakuria na Wajaluo. Ndugu wa ukoo mmoja walijikuta, huyu mtu wa Mwingereza, yule mtu wa Mjerumani, wala hapana aliyehama nyumba yake.

Kisii yenyewe haikuwa mji wa zamani. Waingereza walijenga boma lao pale katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini, na Wagusii wakapaita Bosongo, yaani kwa Wazungu. Jina hilo latosha kutuambia kama wenyeji walipaona kuwa pao. Nao walikuwa na sababu. Mwaka 1905 kikosi cha askari kilipelekwa kuwaadhibu. Mwaka 1908, baada ya kijana aitwaye Otenyo kumchoma mkuki ofisa Northcote, ambaye alipona, kikosi kingine kililetwa, na mauaji yakawa makubwa hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu katika Wizara ya Makoloni huko London, akalalamika. Basi utii uliokuwapo Gusii mwaka 1914 ulikuwa utii wa miaka sita tu, na mkunga wake alikuwa bunduki.

Vita Vikuu vilianza Ulaya mwezi wa Agosti 1914. Mwezi uliofuata jeshi la Wajerumani lilivuka mpaka karibu na ziwa, likapanda kuelekea Kisii. Maofisa wa serikali hawakuwa na askari wa kutosha, wakaondoka. Wajerumani wakauingia mji. Tarehe 12 Septemba askari wa Keya, waliotokea upande wa Kisumu, waliwashambulia kutoka vilimani, na mapigano yakadumu mpaka jioni. Kwa vikosi vidogo namna ile, walioanguka walikuwa wengi, na wengi wa walioshika bunduki katika pande zote mbili walikuwa Waafrika, kila mmoja akimlenga mtu asiyemjua kwa ajili ya ugomvi asioujua. Mwisho pande zote mbili zilijitenga, na Wajerumani wakarudi kuelekea mpakani.

Kwa muda mfupi mji haukuwa na mwenyewe. Ndipo watu wa vijiji vya jirani walipoingia. Walipora ofisi za serikali, wakapora maduka ya Wahindi, wakapora na misheni: ile ya Wakatoliki iliyoko Nyabururu, na ile ya Wasabato iliyoko Nyanchwa. Wako kati yao walioamini ya kwamba utawala wa Wazungu umekwisha kabisa. Mwaka uliotangulia, huko Alego, Onyango Dunde alikuwa ametangaza ujumbe wa Mumbo, nyoka mkubwa wa ziwani, ya kwamba Wazungu wataondoka katika nchi, na habari hizo zilikuwa zimefika Gusii. Waweza kuicheka imani ile ukipenda. Lakini mtu aliyelitazama boma tupu akasema ni tupu hakusema uongo.

Waingereza waliporudi, vikosi vilitumwa vijijini kuadhibu, na ng'ombe wengi wakatwaliwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kwamba Wagusii wamevunja utii wakati serikali ilipokuwa katika shida.

Tuipime hoja hiyo. Kila serikali idaipo kodi na utii hutoa sababu moja: nitakulinda. Lipa, nawe utalala bila kumwogopa adui. Mapatano haya ni ya pande mbili, hata pale ambapo upande mmoja haukuulizwa neno. Basi mlinzi akiondoka, ni nini kilichobaki cha mapatano? Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mwenye nyoka nyumbani hawezi kulaumiwa kwa kutoitegemea. Mfikirie mwenye ng'ombe ambaye, simba atokeapo, hukimbia na mkuki wake, akamwacha mtoto mchungaji na kijiti mkononi. Na jioni arudipo humchapa mtoto kwa sababu ya ndama aliyepotea. Katika nchi hii ya wafugaji hapana baraza la wazee ambalo lingempa haki mtu huyo.

Najua jibu la upande wa pili, wala sitalificha. Watasema: maofisa wale hawakukimbia kwa woga. Kubaki kungekuwa kufa bure, nao walirudi upesi pamoja na askari, wakapigana, na wengine wakafa. Ni kweli, nami siwaiti waoga. Lakini angalia jibu hilo linakotupeleka. Kama ofisa mwenye bastola aliruhusiwa kuzipima nguvu zake na za adui, akaona heri kuondoka, basi mkulima asiye na kitu naye aruhusiwe kupima, akaona heri kunyamaza. Haiwezekani jambo moja likawa busara kwa mkubwa na uasi kwa mdogo.

Taveta yatupa mfano wa jambo hili ulio safi zaidi, kwa kuwa huko hakuna hadithi ya uporaji ya kutuchanganya. Wajerumani waliutwaa mji huo wa mpakani mwezi wa Agosti 1914, wakakaa humo mpaka Machi 1916. Tarehe 12 Februari 1916 jeshi la Waingereza lilijaribu kukiteka kilima cha Salaita, likarudishwa nyuma. Mwezi uliofuata likapigana katika vilima vya Latema na Reata, ndipo Wajerumani wakaondoka. (Siku tisa tu baada ya Salaita, Wajerumani na Wafaransa walianza kupigana Verdun, karibu na mpaka wao, na katika miezi kumi wakafa watu wapatao 300,000. Ukilinganisha hesabu, Salaita ni kitu kidogo. Mama wa askari mmoja hafanyi hesabu namna hiyo.) Sasa, mtu wa Taveta ambaye katika miezi ile kumi na tisa alimwuzia askari wa Mjerumani mkungu wa ndizi, je, alikuwa msaliti? Watoto wake walihitaji chumvi. Mwenye bunduki alikuwa mlangoni, na yule aliyeahidi kumlinda alikuwa ng'ambo ya nyika akingoja reli ijengwe. Kumwita msaliti ni kumdai ushujaa ambao haukudaiwa kwa majenerali.

Mpaka hapa huenda umekubaliana nami, hasa kama wewe ni kijana mwenye moyo wa kutetea wanyonge. Lakini usinipigie makofi mapema, maana limebaki duka la Mhindi.

Nilipowauliza wanafunzi wangu wa kidato cha tatu juu ya uporaji wa Kisii, wengi walijibu bila kusita: mali ile ilitoka katika jasho la wenyeji, basi wenyeji walichukua chao. Jibu hili lina ukweli ndani yake, ndiyo maana ni la hatari. Jibu la uongo mtupu halimdanganyi mtu. Ni kweli ng'ombe wa Wagusii walikuwa wametwaliwa mwaka 1905 na mwaka 1908. Lakini je, walitwaliwa na mwuza chumvi? Mwenye duka yule hakuuchora mpaka, hakumwita Mjerumani, wala hakumwongoza Keya. Naye pia aliachwa na serikali siku ileile, mahali palepale. Ukinidai wewe shilingi mia, nami nikatoroka, huruhusiwi kuzichukua kwa jirani yangu kwa sababu tu mlango wake uko wazi. Na dawa za misheni zilipochukuliwa, mgonjwa wa mwezi uliofuata hakuwa gavana wa Nairobi. Alikuwa mtoto wa kijiji kilekile.

Basi naona yako madeni mawili, na watu huyachanganya kwa kuwa katika siku za amani hutembea pamoja. Liko deni la utii kwa mwenye kutawala. Hilo ni kama nguo: amevikwa mtu, naye aweza kuvuliwa, na aliyemvika akikimbia na nguo haimkingi tena na baridi. Liko na deni la mtu kwa jirani yake, kutomwibia, kutomwua, kutomdhulumu mjane wake. Hilo ni kama ngozi. Halikuletwa na Mwingereza katika boma lake, kwa hiyo hakuweza kuondoka nalo. Wagusii walikuwa nalo kabla ya Bosongo kujengwa, kama sisi Wakipsigis tulivyokuwa nalo, na wazee wao walikuwa na viapo na faini za kulilinda. Siku ile moja ambapo boma lilikuwa tupu ilikuwa siku ya kuonyesha ya kwamba watu hawahitaji askari ili wawe waadilifu. Haikutumika hivyo, nami sioni faida ya kukuficha.

Lakini tusiruke kutoka hapo na kusema ya kwamba adhabu ilikuwa ya haki. Walioingia mjini walikuwa baadhi ya watu wa vijiji baadhi. Ng'ombe walitwaliwa bila kuuliza zizi hili ni la mwizi au la mtu aliyekaa nyumbani akilima wimbi. Wanaoitetea adhabu ya namna hii hupenda kusema ya kwamba samaki mmoja akioza, wote huoza. Ni kweli sokoni. Barazani si kweli, kwa maana samaki hana nia, na kosa ni jambo la nia. Adhabu ikimwangukia asiye na hatia, humfundisha ya kwamba kutokuwa na hatia ni bure, na kesho hana sababu ya kukaa nyumbani wengine waendapo kupora. Mtawala aliyetaka utii alikuwa akiupalilia uasi kwa jembe lake mwenyewe.

Sasa tuvuke bahari, maana huko swali hili lilifika mahali pachungu kuliko Kisii. Iko nchi iitwayo Alsace, kando ya mto Rhine, na mji wake mkubwa ni Strasbourg. Mwaka 1871 Ujerumani iliitwaa kutoka Ufaransa kwa vita. Mwaka 1918 ikarudi Ufaransa. Mwaka 1940 Wajerumani wakaichukua tena, na vita vilipokuwa vikiisha, 1944 na 1945, ikarudi Ufaransa mara nyingine. Mzee aliyezaliwa Strasbourg mwaka 1870, akaishi miaka sabini na mitano, alibadilishiwa serikali mara nne akiwa amekaa kitini pake.

Mwezi wa Agosti 1942 Wajerumani waliwalazimisha vijana wa Alsace kuingia jeshini mwao. Pamoja na wale wa jimbo jirani la Moselle walipata kama 130,000. Kijana aliyekataa au kutoroka, jamaa zake waliweza kuhamishwa au kufungwa. Ufaransa ilikuwa imeshindwa vitani, haikuweza kuwalinda. Kwa hoja niliyoitumia juu ya Wagusii na Wataveta, vijana wale hawakuwa wasaliti kwa kuvaa sare ya adui, nami nasimama katika neno hilo.

Lakini tarehe 10 Juni 1944 kikosi kimoja cha Wajerumani kiliingia katika kijiji cha Ufaransa kiitwacho Oradour-sur-Glane, kikaua watu zaidi ya 600, wanaume, wanawake na watoto, wengi wao ndani ya kanisa lililotiwa moto. Katika kikosi hicho walikuwamo vijana wa Alsace. Mwaka 1953 mahakama ya Bordeaux ilihukumu Waalsace 14, na 13 kati yao walikuwa watu walioingizwa jeshini kwa nguvu. Walipotiwa hatiani, Alsace nzima ilinung'unika: ninyi mlituacha, na sasa mwatuhukumu! Siku chache baadaye bunge la Ufaransa likawasamehe wale 13. Ndipo watu wa Oradour nao wakaghadhibika, wakairudishia serikali heshima na nishani ilizokuwa imewapa.

Nani alikuwa na haki? Mimi naona Waalsace walisema kweli, na watu wa Oradour walisema kweli, ila kila mmoja alikuwa akijibu swali jingine. Ufaransa iliyowaacha vijana wale haikuweza kuwadai utii. Lakini watoto wa Oradour hawakumwacha mtu yeyote. Deni lililovunjwa kanisani mle halikuwa la bendera. Kijana aliyelazimishwa kwa kitisho ana udhuru, na udhuru huo hupunguza adhabu. Mahakimu wazuri hulifahamu hilo. Wapo watakaosema waufuta kabisa. Sikubali, ingawa najua ni rahisi mno kusema hivyo nikiwa na chaki mkononi na hakuna bunduki mgongoni. Fikiri mwenyewe, ukatae neno langu ukiweza, ila kabla ya kulikataa jiweke kwanza mahali pa mama aliyekuwa ndani ya kanisa, si mahali pa askari peke yake.

Limebaki jambo moja, nalo latuhusu sisi wa nchi ya chai. Nimesema utii na ulinzi ni mapatano. Basi mtu akiisha kutii, tena kwa kupita kiasi, yafaa tutazame alilipwaje. Vita vya Waingereza na Wajerumani katika nchi hizi havikuchukuliwa na farasi wala magari, kwa kuwa mbung'o waliwaua farasi na mvua ilizizuia gari. Vilichukuliwa vichwani. Wanaume walikusanywa kwa malaki, wengi kwa nguvu, na jimbo la Nyanza, ambalo zamani hizo Kericho na Kisii zilikuwa ndani yake, lilitoa watu wengi sana. Waliitwa Carrier Corps, na jina hilo likageuka kuwa Kariakor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Hesabu za serikali zenyewe zilikiri vifo vya zaidi ya 40,000, wengi kwa kuhara, homa na njaa, na wanahistoria huona idadi ya kweli ni kubwa kuliko hiyo. Wengi wa waliokufa, mishahara yao haikufika kwa jamaa zao.

Vita vilipokwisha, serikali iliwashukuru waliopigana. Mwaka 1919 ulifanywa mpango wa kuwapa ardhi maofisa wa Kiingereza, na hapa kwetu Kericho zilitengwa eka 25,000, kutoka katika ardhi ya Wakipsigis, kwa ajili ya maofisa waliojeruhiwa, walime kitani. Sitawacheka watu waliopoteza mguu au jicho vitani. Walistahili kutunzwa, na nchi yao. Bei ya kitani ikaanguka, na baada ya miaka michache mpango ukafa. Ardhi haikurudi kwa Wakipsigis. Iliingia mikononi mwa makampuni ya chai, na katika miaka ya 1924 na 1925 Brooke Bond na James Finlay walikuwa wameanza kazi Kericho. Mpagazi aliyerudi kutoka vitani alirudi katika shamba la baba yake kama lilikuwapo bado, na mwaka 1920 alipewa kipande, kibati kidogo chenye cheti ndani, akivae shingoni kila atokapo nyumbani kwenda kutafuta kazi.